Mama Mizani Anastaafu, na Losheni Ile Hakuichanganya Yeye

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mama Mizani anavua aproni baada ya miaka thelathini na moja ya kuchanganya manukato katika karakana yetu ya sabuni. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Mfupi nitajitahidi. Kuchangamsha tutaona, maana nimekasirika.

Alianzia chumba cha nyuma, kile chenye dirisha moja na rafu ya chupa za kahawia, enzi ambazo sabuni zetu zilinuka kama shuka lililosahauliwa kwenye ndoo. Mpika sabuni ni mimi, na nasema bila kujisifu kwamba sufuria langu lilitoa sabuni ngumu, ungeweza kujengea nyumba. Harufu ndiyo iliyotushinda. Yeye akaja na pua yake. Pua ile iliwahi kusimamisha lori la malighafi getini kabla dereva hajazima injini: akasema mafuta ya mchaichai yaliyomo yamechakachuliwa. Yakafunguliwa, yakapimwa, kweli. Wengine wanasema lori lilikuwa bado barabara kuu. Mimi sibishani nao.

Jina la Mama Mizani alipewa kwa sababu hataki kusikia habari za matone. "Tone la nani?" huuliza. "La kwako, au la huyu mwenye mkono mzito?" Kila kitu hukipima kwa uzito, hasa mdalasini, ambao huushika kama anashika kaa la moto, maana ukizidi kidogo tu ngozi inawaka. Na kabla ya kufungua chupa yoyote lazima aulize: "Kinaoshwa au kinabaki?" Sabuni inaoshwa, harufu inaondoka na maji. Losheni inabaki mwilini kutwa nzima, kwa hiyo losheni hutiwa harufu kidogo, tena ya kuchagua. Kisha anaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, anasubiri hadi kesho. Mkono ule umefanya mitihani mingi kuliko sisi wote.

Mpwa wangu, mkuu wa mauzo, aliwahi kumwaga mafuta ya karafuu kwenye sufuria langu bila kumuuliza. Sabuni iliganda pale pale, mwiko ukasimama wima kama mlingoti. Nikauvuta, mimi niliyewahi kumtoa ng'ombe kisimani peke yangu, haukutoka. Mama Mizani akamwambia tu, "Haya, iuze na mwiko wake." Tulicheka wiki nzima.

Hii ya sasa haichekeshi. Mpwa wangu huyo huyo, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ameamua tumuage mama wa watu kwa losheni yenye jina lake, kila mgeni apewe kichupa. Wazo zuri. Halafu akachukua manukato ya sabuni yetu ya ndimu, kwa kipimo kile kile cha sabuni, akayatia kwenye losheni. Mwenye jina hakuulizwa, eti iwe sapraizi. Mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la ndimu yakibaki kwenye ngozi, na ngozi ikapigwa na jua, yanaunguza. Hilo hata mimi niliyeishia darasa la sita nalijua, kwa sababu niliambiwa na nikasikiliza.

Dada mmoja anayefungasha bidhaa hapa karakanani alijipaka losheni hiyo shingoni, akatoka kuanika nguo. Kesho yake malengelenge, na leo ana alama nyeusi kama amepitishiwa pasi. Mpwa wangu anasema dada ana ngozi laini. Ngozi laini. Kwani wateja wetu wana ngozi ya turubai? Tena akasema haina neno, ni ya asilia, na neno hilo amelichapa mbele ya chupa kwa kijani, kubwa kuliko jina la mwenye sherehe. Mama Mizani akamtazama weee. "Hata upupu ni wa asilia, mwanangu. Anza kujipaka huo."

Ofisi imekubali kosa, kwa mdomo. Lakini chupa zimeshajazwa, lebo zimeshabandikwa, basi zigawiwe tu, mengine yatarekebishwa baadaye. Mama Mizani amejibu kwamba chupa hizo zikionekana mlangoni, yeye haingii ukumbini. Miaka yote hiyo hajamuunguza mteja hata mmoja, halafu siku ya kuondoka watu waunguzwe kwa jina lake? Mimi damu inachemka kuliko sufuria.

Basi mambo yako hivi. Maboksi yote ya losheni yako chumba cha kupikia, na mimi nimeyakalia. Wanaonijua wanajua kwamba nikikaa siinuliwi. Wameshaleta toroli, limepasuka tairi. Mlangoni mtapewa sabuni, ambazo kweli ni kazi ya mikono yake. Mtu akikupenyezea losheni pembeni, awe mpwa wangu au mkubwa wake, mrudishie, wala usimwonee haya.

Mama Mizani, ingia ukumbini kwa raha zako. Asante kwa ngozi zote ulizotulindia. Upumzike, ule, ulale, unuse unachokipenda wewe, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Wakikuuliza mbona aliyeandika haya haonekani kwenye kiti chake, waambie yuko kazini.