Spika za Gona

Tuktuk ya umeme haingurumi, na hilo ndilo linalomuudhi Gona, mwenye tuktuk hii. Nyuma ya kiti chetu amefunga spika mbili kubwa kama sufuria za arusi, akaziunganisha na betri ileile inayozungusha magurudumu. Tulikuwa tunatoka Garsen kwenda Minjila. Kando yangu Mama Qabale alikuwa amekumbatia dumu la maziwa, anawahi basi la Malindi.

"Kijana," akasema, "kila ngoma ikidunda, hicho kioo chako kinasema chaji imeisha. Ngoma ikitulia, chaji inarudi."

"Kioo kina uoga tu, mama. Betri yangu naijua."

"Zima muziki."

"Nikizima, abiria watajuaje nakuja?"

Hapo alikuwa na hoja. Mbuzi wa Garsen wenyewe hawaisikii tuktuk hii mpaka iwafikie.

Mama Qabale akahamishia dumu goti la pili. "Sisi wafugaji, ng'ombe wa mbele tunamvisha kengele, wengine wamfuate. Lakini kengele ikizidi shingo yake, huyo ng'ombe hafiki malishoni."

"Ng'ombe hatumii umeme," Gona akajibu, kwa utulivu wa mtu aliyefunga waya zake mwenyewe. Ili kumaliza ubishi, akapandisha sauti.

Kioo kikaandika sifuri. Magurudumu yakalegea, tukasimama. Kule mbele, kwenye njia panda ya Minjila, tuliliona basi likiondoka. Chaji iliyobaki haikutosha magurudumu, lakini spika iliwatosha: muziki haukukosa hata mdundo mmoja.

"Haya," Mama Qabale akasema. "Sasa abiria wamejua unakuja."