Afande Aliyejifunza Kupiga Hodi

Marehemu, ambaye mtaa mzima mlimwita Afande hata miaka mingi baada ya kuvua magwanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mchukuzi wa mizigo na mama mshonaji. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani amekunja ngumi. Kina mama wengi husema hivyo, lakini huyu wake alichelewa sana kuikunjua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ng'ambo ya reli, na akaachia kidato cha pili mwaka 1967. Hesabu zilimpiga chenga. Alichofaulu bila ubishi ni kugonga kengele, yaani kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya ofisi. Dada yake, ambaye yuko nasi hapa, anasema alikigonga mpaka walimu wenyewe wakamwomba awaonee huruma.

Tarehe 3 Januari 1972 alijiunga na jeshi la polisi. Chuoni alifundishwa kugonga mlango kwa upande wa ngumi, kwa nguvu, kisha sauti itoke tumboni: "Fungua, polisi!" Somo hilo lilimkaa. Hakujua tena namna nyingine ya kugonga mlango, awe anakwenda kukamata mwizi au kuazima ngazi. Alikuwa askari mwenye adabu, hakuwa mtu wa kupiga watu, lakini nani angejua hayo akiwa upande wa pili wa mlango? Akiingia kwa kinyozi, mazungumzo yalikatika na habari za mpira zikaanza. Kwa miaka mingi aliamini kwa dhati kwamba wanaume wa mtaa huu wanapenda mpira kupita kiasi.

Tarehe 22 Oktoba 1977 alifunga ndoa na muuza vitambaa, mjane wake wa leo. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aligonga kama alivyozoea, na mashemeji zake wawili wakatorokea dirisha la jikoni. Mmoja alirudi jioni. Mwingine alirudi baada ya kuhakikishiwa kwamba mgeni alikuja kuoa. Hawakuwa na kosa lolote, ila polisi akigonga, watu walitanguliza mbio na kuuliza baadaye. Kisa hicho kilichekesha nyumba yake kila walipokuja wageni, mpaka mwaka 1994. Baada ya hapo hakikusimuliwa tena.

Mwezi Juni mwaka huo, baiskeli ya fundi viatu, jirani wa mtaa wa nyuma, iliibwa, ikapatikana. Marehemu aliomba mwenyewe apeleke habari hizo, kwa kuwa si mara nyingi polisi hupata kumpelekea mtu jambo la kheri. Alikwenda mchana kweupe, akitabasamu njia nzima, akafika mlangoni na kugonga kwa ngumi. Ndani alikuwapo mtoto wa kwanza wa fundi, kijana aliyekuwa ameshapata kazi ya kupaka rangi majengo. Kijana yule aliruka dirisha la nyuma, akapanda ukuta, akaangukia mtaroni na kuvunjika nyonga.

Hospitali, Marehemu alimwuliza, "Mwanangu, ulikuwa unakimbia nini?"

"Sijui, Afande," kijana akajibu. "Nilisikia mlango."

Fundi alikuwa ameshika kichwa pembeni ya kitanda. Alisema jambo moja tu: "Ungepiga hodi, bwana. Neno moja."

Kazini hakulaumiwa. Mkubwa wake alimpiga begani na kumwambia hakuna kanuni aliyovunja, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Kijana hakupanda tena ngazi kupaka rangi. Leo anashona viatu akiwa ameketi, kazi ya baba yake, ambayo hakuwahi kuitaka. Marehemu alijuta kwa jambo hilo mpaka siku yake ya mwisho, na familia haioni sababu ya kulificha mbele ya kaburi lake.

Alistaafu akiwa sajini tarehe 30 Juni 2006. Ndipo alipoweka benchi nje ya nyumba yake na kuanza kufundisha wapita njia. "Polisi akigonga, usikimbie," alisema. "Mwulize, wewe nani? Unatoka kituo gani? Shida ni nini? Anataka kuingia kupekua, mwulize hati. Wakikuchukua, sema kwa upole kwamba unataka ndugu zako wajue ulipo. Na asiyetaka kujitaja, usimfungulie." Watu walimsikiliza kwa jicho la pembeni. Wengine walisema mzee anatuchimba.

"Afande," kinyozi alimwuliza siku moja, "hili somo mtihani wake tunafanyia wapi? Kituoni?"

Marehemu alicheka na wengine, lakini alipoingia ndani alimwambia mkewe, "Hawaniamini, mama watoto. Na mimi ningekuwa wao nisingejiamini."

Aliyemsikiliza kweli, bila kusogea karibu na benchi, alikuwa fundi viatu. Jumapili jioni Marehemu alikuwa akienda mlangoni kwake, mikono nyuma kama mwanafunzi, na kusema hodi kwa sauti ya chini.

"Nani?" fundi aliuliza kutoka ndani.

"Mimi, sajini mstaafu."

"Una shida gani?"

"Kuomba radhi."

"Ni lazima nifungue?"

"Si lazima."

Mlango haukufunguliwa, naye alirudi nyumbani akitabasamu. Mkewe alimshangaa: sasa kinachokufurahisha ni nini? "Ameuliza yote," alisema, "tena hakutetemeka." Bintiye mkubwa, anayesoma wasifu huu, aliwahi kumshauri aache kujidhalilisha. Alijibu kwamba anayebisha mlango wa mtu hana cha kudai, na anayekaa ndani ndiye mwenye nyumba.

Mwezi Februari 2021 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa magumu kumtoka, na safari zake za Jumapili zikakoma. Jumapili ya mwisho ya Julai mwaka 2023 aliashiria kwamba anataka kwenda kwa fundi. Bintiye alimsukuma kwa kiti cha magurudumu. Mlangoni alijaribu kusema hodi, haikutoka. Akabisha kwa vidole vya mkono wa kushoto, polepole sana, yeye aliyeondoa usingizi wa shule nzima.

"Nani?" sauti ya fundi ikauliza.

Marehemu alifungua mdomo. Bintiye alitaka kumjibia, lakini baba alitikisa kichwa. Hili alitaka kulisema mwenyewe. Fundi akauliza tena. Jasho lilimtoka baba wa watu, na neno halikuja. Aliyemfundisha mtaa mzima kutomfungulia asiyejitaja hakuweza kujitaja. Walisubiri kidogo, kisha wakageuza kiti. Njiani alilia, na bintiye alilia nyuma yake kimyakimya asimsikie.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Agosti 2023, asubuhi, baada ya kiharusi cha pili.

Adhuhuri ya siku hiyo fundi viatu alifika msibani pamoja na mwanawe mwenye mkongojo. Alisimama kizingitini, akapiga hodi, na mjane akamwambia karibu. Fundi alikuwa ameshaambiwa na kinyozi, aliyewaona njiani, ni nani aliyembishia Jumapili ile.

"Sikujua ni yeye," alisema. "Ile hodi ilikuwa ya upole mno."

Binti akamwuliza, "Ungejua, ungefungua, baba?"

Fundi aliangalia mikono yake. "Komeo nilikuwa nimeshalishika, mwanangu. Nilikuwa nangoja jina tu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na benchi lililo nje ya nyumba, ambalo familia imeamua lisiondolewe. Fundi viatu na mwanawe wameomba wahesabiwe miongoni mwa wafiwa. Wamehesabiwa.

Jina lako tumelitaja sote leo, Afande. Pumzika kwa amani.