Namba ya Kimashine cha Frida

Mama Frida: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Castory: Shikamoo mama. Ni mama yake Frida, wa kijiji cha Zuzu?

Mama Frida: Marahaba. Ndiye. Wewe nani?

Castory: Castory, fundi wa vifaa huku hospitali, mlikopewa kile kimashine cha kumpa Frida dawa ya kisukari.

Mama Frida: Cha kiunoni? Kimeharibika? Mbona asubuhi kilikuwa—

Castory: Usiogope, mama. Huku kwetu hakisomeki, mtandao— [mkwaruzo] —unasumbua. Frida yupo hapo?

Mama Frida: Yuko shule. Amekivaa.

Castory: Sawa tu. Kuna meseji imeingia kwako sasa hivi. Nisomee namba iliyomo.

Mama Frida: Ehee! Nilijua tu! Mwanangu, hapa umegonga mwamba. Namba ya siri ya hela zangu huipati, matapeli nawajua!

Castory: [anacheka] Hongera, mama, wengi wanalizwa. Hiyo ya hela usimpe mtu, hata mimi. Nataka ya kimashine tu.

Mama Frida: Ya kimashine tu?

Castory: Isome mwenyewe. Kuna hela hapo?

Mama Frida: Ngoja... Hamna. "Namba ya kuruhusu simu mpya kuongoza kifaa."

Castory: Ndiyo hiyo. Simu ya ofisi.

Mama Frida: Haya, andika. Nne, sifuri, saba... tisa, moja, moja.

Mama Frida: Haloo? Imekubali?

Castory: Imekubali. Sukari yake naiona, iko vizuri.

Mama Frida: Mungu akubariki, baba.

Castory: Na dawa naweza kumwongezea nikiwa hapa hapa.

Mama Frida: Usiongeze! Ikizidi, sukari inashuka, anazimia! Muulize daktari kwan—

Castory: Daktari hayupo hapa, mama.

Mama Frida: Wewe... uko wapi?

Castory: Mna ng'ombe nyie. Wauzwe leo. Pa kutuma hela nitakwambia.

Mama Frida: Yesu wangu. Ni mtoto wa darasa la tatu huyo! Nakuomba, mwanangu, nakupigia magoti—

Castory: Ukikata simu, nabonyeza. Ukimpigia mwalimu, nabonyeza.

Mama Frida: Sikati! Sikati, baba. [anaziba simu kwa kiganja] Evodia! Wee Evodia! Acha hizo nguo, kimbia shuleni, kamvue Frida kimashine! Kimbia, jirani yangu, kimbia!

Castory: Mama.

Mama Frida: Nipo! Nipo hapa, sijakata—

Castory: Nimekusikia.

Mama Frida: Hapana! Nilikuwa nafukuza kuku, baba, haki ya Mungu, nilikuwa— [simu inakatika] Haloo? Castory? Haloo?