Nati Niliyosahau Kuikaza

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Na nyinyi mama zangu mliokaa upande ule, nawapa salamu zenu peke yenu. Mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa. Magoti ya fundi hayana umri mrefu.

Wengi wenu hapa Nizwa mnanijua kwa gereji yangu ya Izki. Waliosema kabla yangu kwenye mkutano huu wa usalama barabarani wametueleza walivyoumizwa na gari, wao au watoto wao. Wametutoa machozi sote. Mimi, ndugu zangu, niko upande wa pili. Mimi ndiye niliyeumiza. Na aliyeumia kanipa ruhusa mwenyewe. Kaniambia, "Ami, nenda kaseme. Jina langu tu usilitaje."

Mbali na gereji hii ya Izki nilikuwa pia fundi wa gari za mashindano, zile za formula. Kwa asiyezijua, ni gari ya kiti kimoja, imelala chini, magurudumu yake yote yako nje. Kila gurudumu linashikwa na nati moja tu kubwa katikati. Moja. Juu ya kichwa cha dereva pana upinde wa chuma, na mwili wake unafungwa mikanda sita mpaka hawezi hata kujikuna.

Dereva wetu alikuwa kijana wa Samail. Wazee wake walitoka Pemba kama wangu walivyotoka Unguja, basi tukisemezana Kiswahili, ingawa chake nusu Kiarabu. Mikanda yake nilimfunga mimi kila siku. Nilimpenda kama mwanangu.

Lakini nilikuwa na kiburi, wallahi nawaambia. Fundi mwenzangu mmoja, Mhindi, mtu wa Kerala, mtaratibu sana, aliwahi kuniomba, "Mwenzangu, ukimaliza, kazi yako niiangalie mimi, na mimi nikimaliza, yangu uiangalie wewe." Nikamcheka mbele ya watu. Nikamwambia, "Kazi yangu haiangaliwi."

Siku hiyo tulikuwa nchi ya jirani, kwenye mazoezi ya asubuhi. Tunabadilisha magurudumu. Nimekaza matatu, la nne, la mbele kushoto, nimeliweka na nati nimeizungusha kwa vidole. Mudiri wa timu, mkubwa wetu, akaniita: redio ya dereva haisikiki. Nikenda, nikatengeneza waya, redio ikasema. Niliporudi gari imeshateremshwa chini, injini inanguruma. Nikanyanyua kidole gumba. Kijana akaondoka.

Nikainama kuokota spana ya kukazia. Ilikuwa upande wa kulia. Kama ningelimaliza lile la mbele kushoto, ingelikuwa kushoto.

Hapo ndugu zangu nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka. Si pale kwenye nati. Kusahau, binaadamu anasahau. Redio ilikuwa nzima, nimetoka kuitengeneza mimi mwenyewe. Mudiri yuko hatua tano. Neno moja tu, "Msimamishe," basi. Na mdomo wangu ukawa mzito. Nikaona haya. Nikajiambia, labda nimeikaza, labda nimesahau tu kuwa nimeikaza. Nikasimama pale na spana yangu mkononi, namtazama mtu wa Kerala, na yeye ananitazama.

Kwenye kona ya nne gurudumu likatoka.

Tuliliona kwenye skrini, linaruka peke yake. Gari ikapiga ukuta, ikapinduka, ikaburuzika juu chini kwenye kokoto. Ule upinde wa chuma ndio uliozuia kichwa chake kisiguse ardhi. Watu wa uokozi wakamtoa na kiti chake kizima kizima, ili mgongo usitikisike. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mtulinga. Lakini alikuwa anazungumza. Alikuwa anauliza, "Gari imeharibika sana?"

Nati haikuonekana, ilipotelea kwenye mchanga. Waliochunguza wakatazama filamu, wakaona kijana alikanyaga ukingo wa kona kwa nguvu, wakasema hicho ndicho kilichong'oa gurudumu. Khalas, ikaandikwa: kosa la dereva. Watu wakaanza kumsema. Ati ana papara, ati hafai kupewa gari.

Na mimi nikanyamaza.

Nikarudi Izki. Nikawa nakaza nati za wateja, nazikaza tena, nazirudia tena. Mzee mmoja wa Manah alinisubiri mpaka akachoka, akaniambia, "Fundi, gari yangu ina magurudumu manne tu." Watu wakacheka. Mimi nikenda chooni nikalia.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma bila kujua. Aliniambia, "Wiki ngapi sasa, na hujenda kumtazama mgonjwa? Watu watakufikiriaje?" Nikenda Samail.

Mama yake alinipokea mlangoni. Nikamwamkia, akanikaribisha chumbani alipolala kijana, akaniletea halwa na kahawa kwa mkono wake. Akaniambia, "Kaka'ngu, kila nikisali nakuombea. Wewe ndiye uliyemfunga mikanda ile. Mwenyezi Mungu kamponya mwanangu kwa mkono wako."

Ile halwa nikaiweka chini. Mama alipotoka kwenda kutia maji kwenye birika, nikamwambia kijana pale pale kitandani, "Nati sikuikaza. Na nilijua kabla hujafika kona ya nne. Nilikuwa na nafasi ya kukusimamisha na sikusema."

Aligeuza uso ukutani. Kisha akasema pole pole, "Toka, Ami. Toka kabla mama hajarudi."

Msidhani nilitoka pale mwepesi. Nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba yao. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema, na niliona nikilala na jambo hili usiku mmoja zaidi nitarudi nyuma. Nikampigia simu mudiri kutoka pale pale. Nikamweleza yote, hata lile la kuona haya. Akaniambia, "Andika." Nikaandika. Kazi ya timu ikanitoka, na ndiyo haki. Lakini ile karatasi ya waliochunguza ikafutwa, ikaandikwa upya, na jina la kijana likasafishika mbele ya wote waliomsema.

Miezi ikapita. Asubuhi moja naona gari inasimama mbele ya gereji, anateremka yeye, na magongo yake. Nilikuwa chini ya gari ya mtu. Nilitoka na mafuta usoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

Akasema, "Nimekuchukia, sikufichi. Halafu nikafikiri, ungelinyamaza, nani angelijua? Mimi narudi kwenye gari. Nataka fundi anayeogopa. Kwa sasa simjui anayeogopa kuliko wewe." Akacheka. Nikacheka na mimi, na machozi yananitoka.

Alimng'ang'ania mudiri mpaka nikarudishwa kwenye timu. Nami nikatoa masharti yangu. Nati yoyote nikiikaza mimi, mtu wa Kerala anaitazama, naye akiikaza naitazama mimi, kisha tunapiga juu yake mstari wa rangi ya njano; ukipinda, tunajua nati imelegea. Na fundi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, akiwa na shaka anasema "simama" kwenye redio bila kumuomba mtu ruhusa.

Basi sikilizeni. Mashindano yake ya pili baada ya kurudi, yuko nafasi ya tatu, mizunguko michache imebaki. Nikaona kwenye skrini gurudumu la nyuma kama linacheza. Kama. Sikuwa na hakika. Nikashika redio nikasema, "Simama. Ingia pembeni, mwanangu, simama."

Akasimama. Hakuuliza kwa nini. Tukakimbia, tukatazama: nati imekaza, mstari wa njano umenyooka, gari haina kitu. Nilimkosesha nafasi ya tatu bure, mbele ya watu wote, na mama yake yuko jukwaani. Mashindano yalipokwisha nikenda kumfungua mikanda, siwezi kumtazama. Akanishika mkono akasema, "Shukran, Ami. Hivyo hivyo kila siku."

Nimefunga gari zilizoshinda, ndugu zangu. Vikombe nimevishika kwa mikono hii. Hakuna siku niliyojivunia kazi yangu kama siku ile tuliyomaliza mkia.

Namshukuru mama yule, ambaye baadaye aliambiwa yote na bado ananiita kaka. Namshukuru mwenzangu wa Kerala, ambaye hakunikumbusha hata mara moja nilivyomcheka. Namshukuru mke wangu. Na kijana, yeye anajua.

Nanyi mnaoendesha, mnaotengeneza, mnaopakia watoto wenu asubuhi kwenda skuli: ukiingiwa na shaka, sema saa ile ile, kwa sauti. Utaonekana mjinga. Mimi nimeonekana mjinga mbele ya uwanja mzima, na mtoto wa watu akatoka kwenye gari akenda kwao kwa miguu yake miwili. Walhamdulillahi.