Hotuba Iliyoachwa Nafasi ya Jina

Wasikilizaji wapendwa, juzi tulimzika mwandishi wa hotuba za Mheshimiwa. Miaka kumi na tisa alimwandikia. Narudia: miaka kumi na tisa. Maneno yote mliyompigia Mheshimiwa makofi yalitoka kwenye meza moja ya chumba cha nyuma, kando ya kabati lililogoma kufungwa. Ofisini walimwita Bwana Nukta.

"Baba aliijua pumzi ya Mheshimiwa," bintiye ameniambia. "Alimchorea kamstari kila pahali pa kuvuta hewa."

Kisha polisi wakawapiga risasi waandamanaji, na wabunge wakataka kujua nani alitoa amri. Mheshimiwa akamwita Bwana Nukta. "Ndugu yangu, kuna msaliti ametoa amri ile kwa jina langu. Niandikie hotuba kali ya kumtaja. Jina liache wazi kwanza, tunathibitisha."

Akaandika siku tatu. Mkewe anakumbuka vizuri. "Nilimwambia, mume wangu, huyo mtu ana watoto, punguza ukali. Akanijibu, msaliti hapunguziwi."

Siku yenyewe alikaa bungeni juu, kwenye viti vya wageni, nakala yake mapajani, akifuatisha kwa kidole. Kidole kikafika penye nafasi. Mheshimiwa akavuta hewa pale pale alipochorewa, akataja jina la Bwana Nukta.

Alifungwa miaka sita. Alipotoka, majirani walimtemea mate. Na bado, wasikilizaji, alikuwa anakaa karibu na simu, akingoja Mheshimiwa amsafishe jina. Inaniuma kulisema hili. Alingoja mpaka akafa.

Na mimi nina langu. Jioni ile niliisoma hotuba hiyo kwenye taarifa ya habari, tena niliinogesha. Nakala ya amri ilikuwa imeshafika hapa studio. Niliiona sahihi. Nikanyamaza, nikala mshahara wangu.

Asubuhi hii Mheshimiwa ameleta rambirambi, na agizo kwamba niisome. Imeandikwa ovyo, mwandishi hana tena. Inamwita marehemu "mtumishi mwaminifu". Nikampigia mjane. "Shemeji," akasema, "hayo angemwambia akiwa hai. Usiisome."

Sitaisoma. Pole sana, shemeji. Poleni, watoto. Nanyi mliotema mate, na mimi niliyewasomea, leo tujitazame.

Kabla hawajanizimia kipaza sauti: amri ile aliitoa Mheshimiwa. Narudia: aliitoa Mheshimiwa mwenyewe.