Mwalimu Akech, Aliyewafundisha Watoto Kutulia

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tarime, mlioko Serengeti, nanyi ndugu zetu mnaotupata ng'ambo ya Sirari, habari za jioni. Kama una kazi mkononi endelea nayo, ila sikio utuazime. Leo tunamkumbuka Mwalimu Everlyne Akech. Amefariki juma hili mjini Mugumu, nyumbani kwa mdogo wake, Jairo. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Maisha yake yote, chekechea.

Alikuwa pia mtu aliyechoka. Tuanzie hapo, maana mwenyewe hakulificha.

Alizaliwa karibu na Sirari, katika nyumba ya wakulima Wajaluo, nusu ya ukoo huku, nusu Kenya. Akaolewa na Steven Olima. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, habari za dhahabu zilipopamba moto kule Tarime, Steven aliacha jembe akafuata wachimbaji. Akech akamfuata Steven. Binti yao mchanga, Felistas, walimwacha kwa bibi yake, kwa kuwa machimboni maji yalikuwa ya shida na homa hazikuisha.

Kanisa likampa darasa la watoto wadogo. Darasa lenyewe kibanda cha mabati, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Karasha haikulala. Watoto nao hawakulala. Walifika asubuhi macho mekundu, wakisukumana, wakilia kwa jambo dogo. Akech alifundisha kwa kupiga kelele ili aishinde mashine. Akirudi nyumbani, hana sauti hata ya kumpa mumewe pole ya kazi.

Asubuhi moja sauti ikakauka kabisa. Alisimama mbele ya watoto, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akawaonyesha mlango kwa mkono. Wakapanda naye kilima nyuma ya kanisa, mpaka kelele za karasha zikafifia. Akaketi majanini. Watoto nao wakaketi.

"Dada hakuwa na mpango wowote," anasema Jairo. "Aliniambia, Jairo, nilichoka tu. Nilitaka kukaa."

Kulikuwa na mtoto anaitwa Waitara, hodari wa kung'ata wenzake. Huyo aliona sisimizi wakiburuta bawa la panzi. Akalala kifudifudi, anaangalia. Mwenzake akalala kando yake. Asubuhi ile hakuna aliyeng'atwa.

Kesho yake Akech akawapeleka tena. Ikawa desturi. Wakifika kilimani, kila mmoja anaweka mkono tumboni asikie pumzi inavyopanda na kushuka. Kisha mwalimu anauliza: karibu unasikia nini? Na mbali unasikia nini? Wakishuka kunawa, wasiharakishe, wayasikie maji yanavyopita vidoleni. Uji ukija, funda la kwanza wanywe wamefumba macho, halafu wataje kilichomo. Ulezi, atasema mmoja. Mahindi, atasema mwingine. Siku moja mtoto akasema, "Leo wameunguza," na mwalimu akacheka. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra.

Wazazi hawakupenda. Mmoja wao, Nyangwine, mama aliyeuza chakula machimboni, alikuja mpaka mlangoni.

"Mwalimu, Gati wangu nimemleta ajue kusoma. Sikumleta aangalie sisimizi."

"Atasoma, mama Gati. Jicho linaloangalia sisimizi ndilo litakaloangalia herufi."

"Na akichelewa?"

"Akichelewa, nilaumu mimi."

Nyangwine aliondoka hajaridhika. Hata hivyo Gati alimwacha darasani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kumwacha.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye siku ile ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, ardhi imelewa maji. Akech na watoto walikuwa kilimani. Chini, karasha ikazima ghafla. Halafu zikaja nduru. Kijana mmoja akapita mbio, akapaza sauti kwamba duara la akina Werema limeanguka, watu wamefukiwa.

Duara ni shimo la wachimbaji. Werema alikuwa baba yake Gati. Na Steven, mume wa Mwalimu Akech, alikuwa mle mle. Steven na Werema walichimba duara moja.

Akech alisimama. Miguu ikataka kukimbia. Akawatazama watoto. Wengine walishaanza kushuka kilima wakiwalilia mama zao, na njia ile ilipita katikati ya mashimo yaliyojaa maji. Akiondoka yeye, wataondoka wote.

Akawaita. Akawaketisha, mikono imeshikana. Hakuwakataza kulia. Gati, mtoto mdogo sana, alikuwa anatetemeka. Akech akampakata.

"Nyathina," alimwambia, maana yake mwanangu, kwa Kijaluo. "Hofu yako iko wapi?"

Gati akaonyesha tumbo. "Hapa."

"Yangu pia iko hapo. Weka mkono. Tukae nayo."

Wakakaa nayo. Jua likapanda, likaanza kushuka. Wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua watoto wao, na kila aliyefika, Akech alimtazama usoni, akaogopa kuuliza. Nyangwine alifika wa mwisho, tope mpaka nyweleni.

"Werema wamemtoa," alisema. "Mguu umevunjika, lakini anapumua."

"Steven je?"

"Bado, mwalimu." Akamchukua mtoto. Kisha akamshika Akech mkono. "Twende wote."

Steven walimtoa kesho yake. Hakuwa hai.

Gati sasa ni mama wa watoto. Tulimpata kule Natta. "Watu walimwuliza mwalimu kwa nini hakukimbilia shimoni," alisema. "Wengine walimsema vibaya. Alijibu kwamba shimoni wachimbaji walikuwa wengi, ila kilimani alikuwa peke yake."

Baada ya matanga alihamia wilaya ya Serengeti. Akamchukua binti yake. Akafundisha Robanda, ambako watoto walifika darasani na usingizi kwa sababu nyumbani wamekesha wakifukuza tembo mashambani. Akafundisha Manchira, akiwaketisha kando ya bwawa watazame ndege wakinywa. Chekechea daima. Alizeeka kazini. Uchovu wa machimboni haukumtoka. Felistas anasema mama yake alikaa na watoto wa watu kwa utulivu, lakini mvua ikinyesha kwa wingi, hakuweza kula.

Jairo alimwuguza mwisho. "Nilikuwa nahangaika," anatuambia. "Naleta dawa, naleta chai, nafungua dirisha. Akaniambia, Jairo, acha. Kaa tu. Basi nikakaa. Sikujua kama mtu anaweza kusaidiwa hivyo. Tulikaa mpaka akalala."

Kwako Felistas, kwako Jairo, na kwa ukoo wote huku na kule mpakani, poleni sana. Kwa waliofundishwa naye, nanyi pia mmefiwa. Mazishi yatakuwa Natta, nyumbani kwa Felistas.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Leo mtoto wa nyumbani kwako alikuja na jambo, na wewe ulikuwa umechoka. Najua umechoka. Sote tumechoka. Redio hii ikinyamaza, kaa chini karibu naye, na uchovu wako hivyo hivyo. Yeye ndiye atakuonyesha pa kutazama.