Friji la Trilioni Tatu na Mifuko Minne ya Salfa

— Trilioni tatu, halafu uniambie wananunua friji!

— Sikusema friji. Nimesema mtambo wa baridi. Safisha masikio, Likwata.

Hapo ni kijiweni kwetu, Kilwa Masoko, nyuma ya stendi, kwenye benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Aliyenibwatukia ni Likwata, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwashikia kamba wapima ardhi siku tatu. Mwingine ni Saad, muuza kahawa, ambaye maoni yake huyatoa bure na ndiyo maana hayana ubora. Mimi wananiita Fundi. Natengeneza mafriji, chuo sikukiona, nimesomea mafriji yaliyokufa. Ubishi ulikuwa juu ya kile kiwanda cha mbolea cha shilingi trilioni tatu ambacho kila mwaka tunaambiwa kinakuja.

— Narudia mara ya mwisho, nikasema. Gesi asilia inapikwa kwa mvuke na hewa, inatoka haidrojeni na naitrojeni. Hizo zikioana ndiyo amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea. Sasa humo ndani mna uchafu: gesi ambayo haikuiva, na naitrojeni iliyozidi. Unaipoza yote mpaka nyuzi mia na themanini chini ya sifuri. Uchafu unageuka majimaji, unashuka. Haidrojeni inapita juu, safi, na naitrojeni ya kuitosha.

— Na umeme wa kupoza yote hayo? Injinia akauliza. Hapa luku ikikata, barafu ya samaki inalia.

— Gesi yenyewe ikibanwa halafu ikaachiwa itanuke, inapoa. Ndivyo hata friji la mkeo linavyofanya kazi.

— Kumbe inajipuliza yenyewe kama uji, akasema Saad.

— Saad, leo umekaribia akili.

— Uongo mtupu! Injinia akasimama, benchi likayumba. Nyuzi mia na themanini? Bomba litapasuka, baridi itavuja, bahari itaganda mpaka kisiwani Songo Mnara. Tutakwenda kule kwa bodaboda!

— Na samaki tutawachimba kwa sururu, Saad akadakia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yakiganda je? Si unazoa kwa koleo?

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Fundi, kahawa ikiwepo, methali yoyote inahusu.

— Halafu watatufungia mita za baridi, Injinia akaendelea. Ukiamka asubuhi ukasikia kibaridi, yuniti zinakatwa.

Nilikuwa nimeshanyanyua kikombe nimwage kahawa niondoke, pale Bi Adija, mwenye shamba la mikorosho, alipofika, kanga imejaa vumbi la shamba. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba moja kwa wote watatu.

— Likwata, akasema, mwezi wa tano uliniambia mikorosho yangu imo ndani ya mawe ya mpaka wa kiwanda. Nisihangaike kuipulizia salfa, itang'olewa yote. Ukachukua mifuko yangu minne ukapulizie kwako.

— Ndiyo, Bi mkubwa. Salfa ingeoza bure.

Salfa haiozi, ni unga wa dawa ya ukungu.

— Sasa mikorosho imetoa maua, na ukungu wa ubwiri unga umeshaingia. Maua meupe kama yamepakwa chokaa. Nawauliza nyie wasomi wa benchi: hicho kiwanda kinaanza kujengwa lini?

Injinia akamtazama Saad. Saad akatikisa birika, lilikuwa tupu. Wote wawili wakanigeukia mimi, mjuzi wa nyuzi mia na themanini. Nilijua uchafu unashuka wapi na haidrojeni inapita wapi. Siku ya kuanza sikuijua. Wala mwezi. Wala mwaka.

— Bi Adija, Injinia akaanza, wahenga walisema subira...

— Subira haipuliziwi kwenye mkorosho. Mifuko minne, Likwata. Leo.